Maswali Yenu: Maji ya Bomba, Simtanki na Birika

Barua za maji ya kunywa zimetujaa tangu mvua zianze, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: haya yanayotoka bombani, ninywe au nisinywe? Tumechagua chache zenye mambo yanayowagusa wengi, tukazifupisha. Msishangae majibu yakitofautiana. Anayesumbuliwa na vijidudu na anayesumbuliwa na madini hawatibu maji yao kwa njia moja, na ipo njia inayomsaidia wa kwanza huku ikimwongezea wa pili tatizo.

Maji ya mamlaka tayari yana klorini. Mume wangu anasema kuyachemsha ni kuchoma gesi bure. Nani mkweli? (Mama wa nyumbani, Tabata, Dar es Salaam)

Mama, mumeo ana hoja, ila hoja yake inaishia kwenye geti la mtambo. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam inatoka Mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru. Husafishwa kwenye mitambo ya Ruvu Juu, upande wa Mlandizi, na Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo. Pale maji hutiwa dawa ya kugandisha tope likazama, yakapitishwa kwenye mchanga, kisha yakatiwa klorini. Yakitoka hapo ni maji ya kunywa. Yanayoharibika huharibikia njiani.

Klorini iliyobaki ndani ya maji ndiyo mlinzi wao safarini, na inapaswa kufika kwenye koki yako ikiwa angalau miligramu 0.2 kwa lita, ikiwezekana 0.5. Lakini inaliwa. Inaliwa na kutu ya mabomba ya chuma, na utelezi uliojishika ndani ya bomba, na tope, na joto, na muda. Nyumba iliyo mwisho wa laini hupata maji yaleyale ya aliye karibu na bomba kuu, ila mlinzi ameshachoka.

Kibaya zaidi ni mgao. Maji yakikatika, msukumo ndani ya bomba unaisha, na penye ufa au kiungo kilicholegea bomba huanza kunyonya kilichopo nje. Tazameni laini za majumbani zinapopita: ndani ya mtaro, kando ya karo, chini ya dimbwi la gereji. Pampu zinazofungwa kuvuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa zinazidisha unyonyaji huo kwa nyumba zote za jirani, ndiyo maana mamlaka za maji huzipiga vita. Maji yakirudi, yale ya kwanza yanasukuma uchafu wote huo hadi kwako.

Kwa hiyo fanya haya. Maji yakirudi baada ya kukatika, fungua koki iliyo karibu na mita, kinga kwenye ndoo mpaka yaje safi yasiyo na rangi, na ya ndoo hizo yapeleke chooni au kwenye kudeki. Usiyaruhusu kuingia kwenye tangi. Kisha siku moja tembea kutoka mita hadi ukutani ukifuata bomba lako kwa macho. Likipita mtaroni, mwite fundi bomba alipandishe juu ya mtaro, au alipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi, na ahakikishe hakuna kiungo hata kimoja kinachokaa ndani ya mtaro. Kazi hiyo ni ya nusu siku na faida yake inazidi machujio mengi yanayouzwa madukani.

Ukitaka kujua kama klorini inakufikia, nunua vikaratasi vya kupima klorini huru, yaani ile ambayo bado haijaliwa, vile vinavyotumika kwenye mabwawa ya kuogelea. Hakikisha vina sehemu ya klorini huru, kwa sababu vingine vinapima klorini yote kwa pamoja, na namba hiyo inadanganya. Pua haitoshi: wengi hawaisikii klorini mpaka izidi kiwango kinachotosha kulinda. Maji yasiyokatika, yasiyopita kwenye tangi, yaliyo angavu na yanayosoma 0.2 au zaidi kila unapopima, unaweza kuyanywa. Nyumba yenye sifa zote hizo Tabata ni bahati. Nyingine zote, chemsheni.

Nichemshe kwa dakika ngapi? Bibi anasema ishirini, jirani anasema kumi. Na birika la umeme linalojizima, je? (Msomaji, Morogoro)

Moja. Maji yakitokota kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda kutoka chini na kuvuruga uso wote, hesabu dakika moja, zima. Bakteria, virusi na vimelea vya tumbo vinaanza kufa maji yakipita nyuzijoto 70, na kufika kwenye kutokota, na kupoa taratibu, ni muda zaidi ya wanaouhitaji. Dakika ishirini za bibi zinachoma mkaa tu. Walio juu sana, mita 2,000 kwenda mbele, kama Kitulo kwetu au Nyahururu kwa jirani zetu wa Kenya, wahesabu dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajafika nyuzijoto 100.

Birika la umeme linatosha, mradi lijizime lenyewe baada ya kutokota. Usilizime wewe likianza kuvuma.

Kama maji yana tope, yaache yatulie, kisha yapitishe kwenye kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne kabla ya kuyaweka jikoni. Hilo haliui kitu, linapunguza tu uchafu.

Tukiulizwa wanaochemsha wanakosea wapi, tutajibu: baada ya kuchemsha. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi yeyote ndani yake. Mtu anayachemsha vizuri, kisha anayamimina kwenye dumu alilolisuuza kwa maji mabichi ya bombani. Au anayaacha kwenye ndoo wazi na kila mwenye kiu anachovya kikombe na vidole vyake. Yapoze ndani ya sufuria ileile, na mfuniko wake. Hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko na koki, au mtungi wa mdomo mwembamba, uliooshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa. Kama chombo chenu hakina koki, tumieni kata yenye mpini mrefu, itundikwe, isilazwe juu ya mfuniko. Ndoo ioshwe kila wiki, na koki yake ifunguliwe isuguliwe kwa ndani. Utelezi hupenda pale. Chemsheni ya kutosha siku moja au mbili, msijaze pipa.

Barafu nayo ni maji, na sharubati nayo. Watu wanachemsha ya kunywa, halafu wanagandisha mabichi na kuyatumbukiza kwenye glasi hiyohiyo.

Gesi imepanda. Naweza kutia jiki kwenye ndoo ya lita 20? Nisijidhuru? (Mwanafunzi, hosteli, Sinza)

Unaweza, kama ni jiki ya aina sahihi na umeipima. Soma lebo: iwe na sodiamu haipokloraiti peke yake, isiwe na harufu ya maua, rangi wala sabuni. Jiki ya kawaida ni asilimia 3.5. Kwa nguvu hiyo, lita 20 za maji angavu zinataka mililita 1.2, maji yenye ukungu, baada ya kuchujwa kwa kitambaa, mililita 2.4. Nunua duka la dawa bomba la sindano la mililita 5, usiliwekee sindano yenyewe, na ulitunze kwa kazi hiyo tu. Kijiko cha chai kinabeba mililita 5, mara nne ya unachohitaji, na hapo ndipo watu wanapopata maji yasiyonyweka halafu wanailaumu jiki. Kama chupa yako inasema asilimia nyingine, gawa: yenye nguvu maradufu, nusu ya kipimo.

Koroga, funika, subiri dakika 30. Ukifungua unapaswa kusikia harufu ndogo ya klorini. Usipoisikia kabisa, maji yalikuwa na uchafu mwingi ulioimaliza; rudia kipimo kilekile, subiri dakika 15 nyingine. Ikikosekana tena, maji hayo yapeleke kwenye kufua.

Kuna makosa matatu tunayoyaona sana. La kwanza ni jiki iliyozeeka: ikikaa wazi, juani au miezi mingi, nguvu yake inapungua wakati lebo inasema vilevile. La pili ni kukamulia ndimu, au kutia unga wa juisi, kabla ya dakika 30 kuisha, ili kuua harufu. Vitamini C inaiua klorini yenyewe, na vijidudu vinabaki hai kwenye juisi tamu. Subiri kwanza, kamua baadaye. La tatu ni kutumia ndoo ya bati au sufuria. Klorini inakula chuma. Tumia plastiki.

Vidonge vya kutibu maji ni rahisi kuliko jiki kwa sababu vimeshapimwa. Vya lita 20 vina miligramu 67 za dawa, lakini vipo pia vidogo vya lita moja na vya lita tano, basi soma pakiti kabla ya kutumbukiza. Havimezwi.

Klorini ina udhaifu wake: kuna vimelea vya kuharisha vyenye ganda gumu, kriptosporidiamu hasa, ambavyo kipimo cha nyumbani hakiviui. Kwa mtoto mchanga, mgonjwa mwenye kinga dhaifu au mzee aliyedhoofu, rudini kwenye kuchemsha.

Tuna simtanki la lita 1,000 juu ya mnara. Tangu tujenge hatujalisafisha, na sasa maji yanatoa harufu ya tope na ukutani kuna utelezi. Tuanzie wapi? (Familia, Kibaha)

Kwanza chagueni siku ambayo mna uhakika maji ya bomba yatakuwepo jioni. Fungeni koki inayoingiza, tumieni maji mpaka yabaki ya chini. Hapa kuna mtego: bomba la kutolea kwenye matangi mengi limefungwa sentimita kadhaa juu ya sakafu ya tangi, kwa hiyo maji yakiacha kutoka tope lote bado limekaa chini. Kama hakuna koki ya kutolea uchafu, lazima mlichote kwa kopo na kulifyonza kwa sponji au matambara.

Sugueni kuta na sakafu kwa brashi ya nailoni yenye mpini mrefu na sabuni kidogo. Steelwire na mchanga msivitumie. Vinakwaruza plastiki, na kwenye mikwaruzo ndipo utelezi unapojificha na kurudi haraka. Suuzeni mara mbili, mtoe maji yote.

Sasa dawa. Jazeni robo ya tangi, mimineni lita moja na nusu ya jiki ya asilimia 3.5, kisha mjaze tangi zima. Maji yanayoingia yatakoroga yenyewe. Mkiwa na klorini ya unga ya asilimia 70, ni gramu 70 zilizoyeyushwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki. Fungueni kila koki ndani ya nyumba, mojamoja, mpaka harufu ya klorini itoke, kisha mfunge. Mabomba ya ndani nayo yanahitaji dawa. Wengi wanasafisha tangi na kuacha mabomba yenye utelezi uleule. Acheni usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hadi 24. Wakati huo hakuna anayekunywa wala kupika, na watoto waambiwe mapema.

Kesho yake maji hayo yatoeni kwa kudeki na kusafishia choo. Msimwagilie mboga, wala msiyamwage kwenye bwawa la samaki. Jazeni upya, fungueni koki zote mpaka harufu ipungue. Jiki isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi: inatoka gesi inayoumiza mapafu, na inaweza kuua mtu aliye sehemu iliyofungwa. Wenye matangi makubwa ya chini ya ardhi, mtu asishuke peke yake, mfuniko ukae wazi muda mrefu kabla, na pampu ya petroli isiwashwe ndani wala mdomoni pa tangi.

Halafu tafuteni chanzo, la sivyo baada ya miezi miwili mtatuandikia tena. Kifuniko kinakaa sawa? Bomba la kufurikia na tundu la hewa vina wavu wa mbu? Mijusi na njiwa hawahitaji mlango mkubwa. Tangi ni jeusi, au limepauka mpaka mwanga unapenya? Mwanga ukipenya, mwani unaota. Je, mifereji ya bati nayo inaingiza maji ya mvua kwenye tangi hilohilo, pamoja na vinyesi vya ndege vya miezi sita? Ya mvua yatengewe lake. Baada ya hapo kusafisha mara mbili kwa mwaka kunatosha, au kila miezi mitatu kama maji yenu yana tope.

Na kama fundi yupo hapo hapo, mwambieni awatolee koki moja ya jikoni kabla ya tangi, moja kwa moja kutoka kwenye mita. Ya kunywa na kupikia mtakuwa mnakinga pale maji yanapokuja, yakiwa bado na klorini yake.

Jamaa amepita ofisini kwetu na kifaa chenye vyuma viwili. Alikitumbukiza kwenye glasi ya maji ya bomba, yakageuka kahawia ya kutisha, yakatoa povu. Kwenye maji ya mashine yake hayakubadilika. Watu walishtuka, watatu wameweka oda. Ni kweli tunakunywa uchafu ule? (Msomaji, Mwanza)

Uchafu ule umetoka kwenye vyuma vyake. Kifaa kinapitisha umeme ndani ya maji. Chuma kimoja kinaliwa na umeme na kuwa kutu papo hapo, mbele ya macho yenu. Ili umeme upite, maji yanahitaji madini kidogo, na maji yote ya asili yanayo. Maji ya mashine yake yameondolewa karibu madini yote, kwa hiyo umeme haupiti na chuma hakiliwi. Akirudi, mwombeni glasi ya maji yake yaleyale, tieni chembe chache za chumvi ya mezani, akoroge, atumbukize tena. Yatageuka kahawia kama ya bombani, pengine zaidi. Tunawashauri mfanye jaribio hilo mbele ya wale watatu kabla hawajalipa.

Hila ya pili ni kipimo cha TDS, kile kikalamu chenye namba. Kinapima jumla ya madini yaliyoyeyuka. Kijidudu hakikioni. Maji yanayosoma 60 yanaweza kuwa na kipindupindu, na yanayosoma 700 yakawa salama kabisa ila yana ladha nzito. Kwa ladha, chini ya 600 watu wengi hawalalamiki. Zaidi ya 1,000 wengi huyakataa.

Kwenu Mwanza mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba kuondoa chumvi, ni kumnunulia mtu mwenye nywele fupi kitana cha dhahabu. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache mno tangu yalipo ziwani. Mashine hiyo inafanya kazi nzuri kwa wenye visima vya chumvi, na huko nako mjue inamwaga: za nyumbani nyingi hutupa lita mbili hadi tatu au zaidi kwa kila lita moja safi, inahitaji msukumo wa kutosha, na vichujio vya mwanzo visipobadilishwa utando unaziba.

Tatizo la maji ya ziwa ni mwani, harufu ya tope na vijidudu. Chujio la kaboni linaondoa harufu. Chujio la mshumaa wa kauri linazuia bakteria na vimelea vikubwa zaidi, ila virusi vinapenya, kwa hiyo bado tia klorini baada ya kuchuja. Mshumaa ukipunguza kasi, usugue kwa brashi laini chini ya maji safi, bila sabuni. Ukianza kupitisha maji kwa kasi isiyo ya kawaida, msifurahi: umepata ufa, utupeni. Na kumbukeni kaboni inaondoa klorini pia. Maji yakishapita pale yanyweni siku hiyohiyo.

Tunachemsha maji kila siku bila kukosa, lakini meno ya watoto wetu wawili yameota na madoa ya kahawia. Wa jirani vilevile. (Baba, Maji ya Chai, Arumeru)

Ndugu yetu, hii ndiyo ile kesi tuliyoidokeza mwanzo. Madoa hayo ni ya floridi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji, na kuchemsha hakuiondoi. Kinyume chake, mvuke unapotoka maji yanapungua na floridi inabaki, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina nyingi zaidi kidogo. Floridi yenu inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na hali kama hiyo ipo sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Kikomo ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yenye floridi nyingi hayana rangi, harufu wala ladha ya kukushtua. Ni maabara tu itakayokuambia.

Pimeni kwanza, na mpime kila chanzo kivyake. Chemchemi mbili za kijiji kimoja zinaweza kutofautiana sana. Mkipata chanzo kilicho chini ya 1.5, hicho kiwe cha kunywa na kupikia, na kile kingine cha kufua na kuoga. Floridi haiingii mwilini kwa kuoga.

Njia ya pili ni maji ya mvua, ambayo hayana floridi ya kuhesabika. Si lazima yatoshe yote, mnaweza kuchanganya. Kama maji yenu yana 4, ndoo moja ya maji hayo kwa ndoo mbili za mvua inawapa 1.3 hivi. Kama yana 6, inahitajika ndoo moja kwa tatu, inafika 1.5 kamili, na hapo hakuna nafasi ya kukosea kipimo.

Njia ya tatu ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapohapo Arumeru, kimeifanyia kazi miaka mingi. Mifupa inachomwa kwa joto linalodhibitiwa. Isipoiva vizuri maji yanatoa harufu ya kuoza, kwa hiyo msijichomee nyumbani. Mkaa huo una mwisho wake: ukishajaa floridi, maji yanapita kama yalivyoingia na chujio linaonekana zima. Waulizeni wanaowauzia umehesabiwa kwa lita ngapi za maji yenye floridi kama yenu, na mpime yanayotoka kabla muda huo haujafika.

Jambo ambalo familia nyingi za kaskazini hazilitazami ni magadi. Magadi ya kulainishia maharage na makande hubeba floridi nyingi sana, na sahani moja inaweza kuharibu kazi yote ya chujio. Lowekeni maharage usiku kucha, mwage maji, mpike bila magadi. Majani ya chai nayo yana floridi, basi chai ya watoto iwe nyepesi au isiwepo.

Meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi tangu utotoni hadi karibu miaka 8. Kwa watoto wenu hao wawili, kama wamepita hapo, madoa hayatafutika kwa kubadili maji, ingawa daktari wa meno anaweza kuyapunguza. Mifupa yao bado inafaidika. Mkiwa na maji mazuri machache, ya kwanza ni ya mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka 8, yakiwemo ya uji wake.

Nina mtoto wa miezi miwili anayekunywa maziwa ya kopo. Bomba likikauka tunatumia kisima cha uani. Nayachemsha vizuri. (Mama, Kisauni, Mombasa)

Dada, ya kisima msimpe, hata yakichemshwa. Visima vya pwani vilivyo katikati ya nyumba zenye vyoo vya shimo hupata naitreti inayotiririka chini kwa chini, na kuchemsha huizidisha kama floridi. Zaidi ya miligramu 50 kwa lita, damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa sawasawa, na midomo na kucha zake zinageuka rangi ya samawati au kijivu. Ukiona hivyo nenda hospitali saa hiyohiyo. Mtengee maji ya bomba yaliyokingwa siku yanapotoka na kuchemshwa, au ya chupa yenye alama ya ubora ya KEBS, nayo yachemshe. Maziwa ya unga yakorogwe maji yakiwa bado ya moto, yasipungue nyuzijoto 70, kisha yapozwe kabla ya kumnywesha, kwa kuwa unga wenyewe si tasa. Mtu mzima anaweza kutumia kisima hicho baada ya kutibu vijidudu, akiivumilia chumvi.

Maswali mafupi

*Maji yanatoka meupe kama maziwa.* Jaza glasi uiweke mezani. Yakianza kuwa angavu kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika mbili, ni hewa iliyobanwa bombani, haina neno. Yakibaki hivyo au yakituama unga chini, ripoti kwa mamlaka.

*Asubuhi ni ya kahawia, baadaye yanakuwa safi.* Kutu ya bomba lako la ndani la chuma. Yaache yakimbie kwenye ndoo, usiyanywe, na anza kuweka akiba ya kubadilisha bomba.

*Birika lina ukoko mweupe.* Chokaa ya maji magumu, haidhuru. Siki au ndimu na maji, chemsha, acha saa moja, suuza.

*Shabu inasafisha maji?* Inazamisha tope, na mbegu za mlonge vilevile. Vijidudu vinapungua lakini havikwishi, basi baada ya hapo chemsha au tia klorini. Ya mlonge yasilale, yanachacha haraka.

*Chupa juani?* Inafanya kazi kwa maji angavu, chupa ya plastiki isiyo na rangi isiyozidi lita mbili, ilazwe juu ya bati saa sita za jua kali. Siku ya mawingu, siku mbili mfululizo. Mvua ikinyesha kutwa, tumia njia nyingine.

*Napima wapi, na napeleka vipi?* Maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji zilizoko mikoani, au Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa floridi, naitreti na chumvi, chupa safi ya maji ya kunywa iliyosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale inatosha. Kwa vijidudu omba chupa yao iliyotakaswa. Futa mdomo wa koki kwa jiki, acha maji yakimbie dakika mbili au tatu, kinga bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, usiisuuze kwa sababu ndani huwa na dawa ya kutuliza klorini, iweke kwenye boksi lenye barafu na uifikishe ndani ya saa sita. Piga simu kabla ya kuchukua sampuli. Maabara nyingi hazipendi kupokea za vijidudu Ijumaa mchana, kwani zikianza kupimwa lazima mtu arudi kuzisoma kesho yake.